Mwandikishaji Asiyeandikishwa

Mwaka wa tisini na saba, theluji ilipokuwa ikiyeyuka na kuacha matope na glavu moja moja ambazo watu walizipoteza wakati wa baridi, nilipata kazi ya wiki moja ya kugonga milango ya watu. Kazi yangu ya siku zote ilikuwa kupanga vyakula vya abiria wa ndege kwenye jiko moja kubwa huko Malton, karibu na uwanja wa ndege wa Toronto: kuku hapa, wali pale, kipande cha keki pembeni, trei ipite. Miaka sita nilikuwa nimezipanga trei hizo, na sikuwahi kumwona hata mtu mmoja akikila nilichokipanga. Kwa hiyo jirani yetu, mwanamke wa Trinidad aliyekuwa akikisaidia chama kimoja cha siasa, aliponiuliza kama ningependa kuzunguka nyumba kwa nyumba kuandikisha wapiga kura, nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.

Halafu nikakumbuka jambo. "Lakini mimi si mwanachama wenu," nikamwambia.

"Kusoma na kuandika unajua, miguu unayo, na uraia umepata," akajibu. "Mengine tutayavumilia."

Uraia nilikuwa nimeupata mwaka uliotangulia, katika ukumbi wenye zulia jekundu, mimi na mume wangu tumesimama kati ya watu wa kila rangi, tumeinua mikono ya kulia. Yeye alikuwa ametangulia kuja kutoka Morogoro, mimi nikamfuata. Tuliishi ghorofa ya saba kwenye jengo moja la kaskazini-magharibi mwa Toronto, mahali ambapo ndege za kutua zilipita chini kiasi kwamba mgeni akija mara ya kwanza aliinama. Mume wangu aliendesha foklifti kwenye ghala la mizigo ya ndege. Nilichukua likizo ya wiki moja, nikamwambia kwamba safari hii nitakuwa mtumishi wa serikali. Akasema vizuri, atakuwa ananipigia saluti asubuhi.

Siku hizo serikali ilikuwa bado inawafuata watu milangoni kuandika majina yao. Na haikumtuma mtu mmoja, ilituma wawili wawili: mmoja amependekezwa na chama hiki, wa pili na chama pinzani, ili mmoja asije akaandika watu wa upande wake tu na kuwaruka wengine. Sisi wa eneo letu tulifundishwa kazi asubuhi moja katika chumba cha chini cha kanisa. Tulipewa mfuko, fomu, kalamu mbili na beji ya kuning'iniza shingoni. Nilipokuwa nahangaika na ile beji, fomu zote zikanimwagika miguuni.

"Ala, zote chini," nikajisemea.

"Ziokote tu, mama. Sakafu ya kanisa ni safi," sauti ikasema nyuma yangu, kwa Kiswahili.

Nikageuka. Alikuwa mzee wa Kihindi, mwembamba, amevaa koti refu la sufu na kofia ya manyoya yenye masikio, ingawa chumbani kulikuwa na joto. Alizaliwa Mwanza, baba yake alikuwa na duka la vitambaa huko, na yeye alikuwa Kanada tangu miaka ya sabini. Alikuwa ameendesha duka la kutengeneza fremu za picha hadi alipostaafu. Sasa yeye na mke wake walikuwa wanaishi kwa binti yao, barabara mbili tu kutoka kwetu, na hatukuwahi kuonana. Msimamizi aliposoma majina ya wawili wawili, tukakuta tumepangwa pamoja. Mimi nilikuwa wa chama hiki, yeye wa kile.

"Basi tumewekwa tuchungane," mzee akasema. "Mimi nitakuangalia usiibe, na wewe uniangalie nisiibe. Ukichoka kuniangalia niambie, tupumzike kidogo."

Tulipewa majengo mawili ya ghorofa kumi na nne na safu ya nyumba za chini. Tulikuwa na wiki moja. Wiki ikiisha, orodha inafungwa, na atakayekuwa hayumo itambidi aanze kuhangaika mwenyewe.

Mzee alikuwa na mbinu zake. Kabla ya kugonga aliangalia viatu vilivyopangwa nje ya mlango, akakadiria idadi ya watu wazima waliomo, na mara nyingi alipatia. Mimi nilienda kwa harufu. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ilimaanisha yupo mtu na atafungua, maana hawezi kusingizia kwamba hayupo. Maswali yetu yalikuwa machache: nani anaishi hapa, ana miaka kumi na minane au zaidi, ni raia, alizaliwa lini. Lakini kila mlango ulijibu kivyake. Bwana mmoja alitusikia tukigonga tu, akapaza sauti toka ndani kwamba ameshaokoka, tusijisumbue. Vijana wanne wa Kikenya, waliokuwa wakila ugali kwenye sakafu kwa sababu meza walikuwa hawajanunua, walituambia, "Mathe, sisi tuko na viza ya masomo tu, hatuwezi kuvote. Lakini kaeni mule." Tulikula. Mzee alikula sana.

Mjane mmoja wa Kiitaliano alitukaribisha kwa biskuti, akataja jina lake kwa madaha, herufi moja moja, lakini tulipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa akaweka biskuti yake chini. Akamtazama mzee. Akanitazama mimi. Mwishowe mzee akaambiwa ageukie ukutani, na mimi nikanong'onezwa sikioni. Tulipotoka mzee hakutulia.

"Mwaka gani?"

"Siwezi kusema. Ni siri ya serikali."

"Na mimi ni serikali."

"Basi soma kwenye fomu."

Akakataa kusoma kwenye fomu. Alisema angekuwa amemvunjia heshima mwanamke aliyempa biskuti.

Siku ya nne tulifika ghorofa ya kumi na moja ya jengo la pili. Ilikuwa saa tisa mchana, miguu imeshaanza kuniwaka. Tuligonga mlango mmoja, na msichana wa kama miaka kumi na mitano akaufungua kidogo, mnyororo bado umefungwa, akatuuliza kwa Kiingereza tunataka nini. Tukamweleza. Akageuka kuita mama yake, na mlango ukasukumwa tena. Tukasikia minong'ono ndani, lakini mlango haukufunguliwa.

"Hawa hawafungui," nikamwambia mzee kwa Kiswahili. "Tuwaachie kadi twende."

"Munatafuta nani?" Sauti ya mwanamke ilitoka nyuma ya mlango, kwa Kiswahili cha upande wa Bujumbura.

Nilifurahi kama mtu aliyekuta ndugu. Nikasogeza mdomo kwenye ufa, nikamsalimu, nikamwambia mimi ni wa Morogoro na mzee huyu ni wa Mwanza. Mlango ukafunguka tena kadiri mnyororo ulivyoruhusu. Niliona nusu ya uso, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amefunga kitambaa kichwani, amevaa yunifomu ya buluu ya wahudumu wa nyumba za wazee. Alitusalimu vizuri. Aliuliza habari za kwetu. Lakini macho yake yalikuwa kwenye fomu niliyoshika.

"Hiyo karatasi ni ya nini?"

"Ya kuandika wapiga kura. Tunapita kila mlango. Wewe ni raia?"

"Ni raia. Miaka miwili sasa."

"Basi tukuandike. Ni dakika moja tu."

"Munaandika majina ya watu," akasema polepole, kama mtu anayehakikisha bei. "Halafu munayapeleka wapi?"

Nikaanza kumweleza. Nilieleza vizuri mno, kama nilivyofundishwa kanisani: ofisi gani, orodha gani, sheria gani inalinda siri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yangu alikuwa mwalimu," akasema. "Askari walikuja shuleni na karatasi, wakasoma majina. Yeye aliposikia lake akasimama, akaitika, kama mwanafunzi. Wote walioitika hawakurudi. Nilikuwa mdogo, lakini nilikuwa darasani."

Hapo nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka naona haya. Nilimwambia, "Dada, hapa siyo kule."

Hakukasirika. Ni mzee aliyefanya la maana: alichukua fomu mkononi mwangu, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akafunga kalamu yake kifuniko mbele ya macho ya yule mwanamke ili aone.

"Hatuandiki, mwanangu," akamwambia. "Nakuachia kadi hii, ina namba ya simu. Ukipenda utapiga. Usipopenda itupe, hakuna atakayekuuliza."

Mkono ukatoka kwenye ufa, ukapokea kadi, mlango ukafungwa taratibu.

Kwenye lifti nilitaka kujitetea. Nikasema nilitaka tu asikose haki yake, maana orodha inafungwa siku tatu zijazo. Mzee alikuwa anatazama namba za ghorofa zikishuka.

"Kaka yangu aliishi Kampala," akasema. "Wahindi wa kule kabla ya kufukuzwa walihesabiwa kwanza. Waliitwa, wakapanga mstari, wakaandikwa. Kaka yangu alivaa tai siku ile. Alidhani ni jambo la heshima." Lifti ikafunguka. "Wewe hukukosea kumweleza. Ulikosea kumharakisha."

Hatukulizungumza tena. Tulimaliza nyumba za chini siku mbili baadaye, mvua ya baridi ikitupiga usoni, tukapeleka fomu zetu kwa msimamizi tukiwa tumelowa hadi soksi. Alizihesabu akasema ni kazi safi. Mzee akanipeleka kwake, mke wake akatupa chai ya tangawizi na kachori, na tangu siku hiyo nikawa nina mahali pa kwenda Jumapili.

Uchaguzi ukatangazwa majuma machache baadaye, na kadi za wapiga kura zikaanza kuingia kwenye masanduku ya barua. Mume wangu akapata yake. Jirani wa Trinidad akapata yake. Yule mjane wa Kiitaliano, niliyekutana naye dukani, alinionyesha yake, kidole gumba kimefunika mahali ambapo hata hapakuandikwa umri. Yangu haikuja. Nikangoja siku mbili, tatu, wiki. Nikaanza kumshuku mtu wa posta. Jioni moja, tukiwa mezani, nikamuuliza mume wangu: wale waandikishaji waliopita jengo letu, walifika hapa?

"Walifika. Wewe ulikuwa kazini, ile kazi yako ya serikali."

"Wakakuuliza nini?"

"Nani anaishi hapa. Nikawaambia mimi na mke wangu."

"Halafu?"

Akaanza kutafuna polepole. "Halafu wakauliza jina lako. Nikawaambia wasihangaike na wewe, wewe umo tayari. Nikawaambia mke wangu ndiye anayeandikisha watu."

Nilitaka kukasirika, na nadhani nilikasirika kidogo, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyenisifu kwa wageni. Alijivunia mke wake mlangoni, basi. Nilipomsimulia mzee kwa simu, alicheka hadi akaanza kukohoa, mke wake akachukua simu kuniuliza nimemfanya nini mumewe. Mzee aliporudi kwenye simu alisema, "Kinyozi hajinyoi," akaanza kucheka upya.

Alipotulia akanisimulia kwamba hata nyumbani kwake liliwahi kutokea. Uchaguzi mmoja wa miaka ya themanini, waandikishaji walipogonga, yeye alidhani ni wauza mazulia, akawafungia mlango. Siku ya kura mke wake akavaa sari ya hariri, wakaenda, wakaambiwa majina hayamo. Wakati ule, ukiwa mtu wa mashambani, jirani yako angeweza kukutolea ushahidi ukaandikwa palepale. Lakini mjini orodha ikifungwa imefungwa. Bibi alirudi na sari yake nyumbani, na hakumsemesha mumewe mpaka Alhamisi. "Ndiyo sababu nilipoombwa kuandikisha watu sikukataa," mzee akasema. "Ilikuwa kama kulipia dhambi."

Habari hiyo ilinitia hofu. Nilikuwa nimengoja kupiga kura tangu nilipoinua mkono kwenye ule ukumbi. Nyumbani niliwahi kupiga, lakini kwenye karatasi kulikuwa na mgombea wa urais mmoja tu, ukiamua ndiyo au hapana. Hapa nilikuwa nimeyasoma majina ya wagombea wote watano, na vikaratasi vyao vya matangazo nilikuwa nimevipanga kwenye droo. Kesho yake, saa ya mapumziko, nilisimama kwenye simu ya ukutani pale jikoni, kofia ya nywele bado kichwani, nikapiga ofisi ya uchaguzi. Mwanamke aliyepokea alinisikiliza bila kunikatiza. Akasema kuna muda wa kurekebisha orodha ofisini, ila ofisi zinafungwa jioni. Nikamwambia wiki hizo nafanya saa za ziada, naingia alfajiri na natoka wakati wao wameshafunga. Nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Je, Jumamosi una nafasi?" akaniuliza.

"Jumamosi ninayo."

"Basi nenda kwenye kura za mapema. Sheria imebadilika. Unaweza kuandikishwa palepale kituoni na kupiga kura hapohapo. Chukua kitambulisho na kitu chenye anwani yako."

Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika, akasema ana hakika mara mbili.

Jumamosi mzee alinifuata na gari. Yeye jina lake lilikuwamo, angeweza kungoja siku yenyewe, lakini alisema hawezi kukosa kuniona nikiandikishwa. Kituo kilikuwa ukumbi wa michezo wa shule, wenye mistari ya mpira wa kikapu sakafuni na harufu ya raba. Upande wa kushoto walipita wenye kadi, haraka haraka. Upande wa kulia kulikuwa na meza ya kujiandikisha, na mstari wa watu kama kumi na watano. Mzee akaenda kushoto, akapiga kura yake, akarudi kusimama karibu yangu kama mzazi siku ya kwanza ya shule.

Nilikuwa nimebakiza watu watatu nilipomwona. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao ukutani, si kwenye mstari, yule mwanamke wa ghorofa ya kumi na moja. Amevaa gauni zuri la kitenge chini ya koti, mkoba umewekwa magotini, na binti yake ameketi pembeni anasoma kitabu. Nilimwinamia kumsalimu, akaitikia kwa kichwa.

"Umekuja kujiandikisha, dada?" Nilijitahidi sauti yangu isiharakishe kitu.

"Nimekuja kuangalia," akasema.

Nikasema ni vizuri, nikanyamaza. Nilikuwa nimejifunza walau hilo.

Zamu yangu ikafika. Mezani alikuwepo mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, miwani imemshuka puani. Nikampa kadi ya uraia. Akaiangalia, akaridhika, akaomba kitu chenye anwani. Nikafungua mkoba kwa kujiamini, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sina. Leseni ya gari sikuwa nayo, gari nilikuwa siendeshi. Bili ya simu ilikuwa kwa jina la mume wangu. Bili ya umeme, mume wangu. Mkataba wa nyumba niliuacha kwenye droo na vile vikaratasi vya wagombea. Nilitoa kitambaa, pipi za mnanaa, tiketi za basi, risiti ya samaki. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Mwisho kabisa, chini ya mkoba, nikakuta bahasha iliyokunjika. Nikaifungua. Ilikuwa barua, ina jina langu kamili, namba ya jengo letu na namba ya mlango wetu.

Nikamkabidhi. Akaisoma. Akapandisha miwani, akaisoma tena.

"Hii ni barua ya kukuteua uwe mwandikishaji wa wapiga kura," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukipita nyumba kwa nyumba?"

"Ndiyo. Mimi na yule pale." Mzee akampungia mkono.

"Na wewe mwenyewe hukuandikwa."

"Walipofika kwangu nilikuwa kwa watu wengine."

Yule bwana aliinamisha kichwa kwenye fomu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alijitahidi sana asicheke, nilimshukuru kwa hilo, lakini mama mmoja wa nyuma yangu alikuwa amesikia, akamwambia aliyemfuata, na kicheko kikarudi nyuma mtu hadi mtu mpaka mwisho wa mstari. Nami nikacheka. Ningefanya nini?

Kisha nikasikia kicheko kingine, cha chini, kutoka kwenye benchi. Binti yake alikuwa amemtafsiria zile sehemu za Kiingereza zilizompita. Mwanamke akainuka, akaja hadi pembeni ya meza.

"Wewe mwenye kuandika watu," akaniambia, "hata wewe hawakukuandika?"

"Hata mimi."

"Na hakuna kitu kimekupata?"

"Nimechekwa tu, kama unavyoona."

Akafikiri. "Basi hii orodha yao haina meno," akasema, akaenda kusimama mwisho wa mstari.

Nilipiga kura yangu nyuma ya kikunjo cha kadibodi, kwa kalamu ya risasi iliyofungwa kwa kamba. Niliweka alama, nikaikagua, nikaikunja, nikaitazama ikiingia kwenye sanduku. Ilichukua muda mfupi kuliko kupanga trei mbili. Nilitegemea nitalia, sikulia. Nilisikia njaa tu, njaa nzuri ya mtu aliyemaliza kazi. Kisha nikarudi kungoja, maana mzee alikuwa amekataa kuondoka.

Zamu ya yule mwanamke ilipofika, aliniita kwa mkono nikae karibu. Hakutaka nimsemee. Alitaka nimsomee fomu kwa Kiswahili, yote, pamoja na maandishi madogo ya chini. Nikasoma, bila kukimbia. Jina. Anwani. Tarehe ya kuzaliwa. Mwanamke au mwanamume. Yule bwana wa miwani alingoja, mikono imekunjwa juu ya meza, wala hakutazama saa.

"Na kabila?" akaniuliza. "Wanaandika wapi kabila?"

"Hakuna mahali pa kabila."

"Angalia tena."

Nikaangalia tena, mbele na nyuma. Nikamuuliza yule bwana kwa Kiingereza, ili pasiwe na shaka. Akageuza fomu imwelekee mwanamke, akapitisha kidole kwenye kila kisanduku, kimoja kimoja, hadi mwisho wa ukurasa, kisha akafungua kiganja chake kuonyesha kwamba hakuna zaidi.

Mwanamke akatoa kadi ya uraia, na bili ya simu yenye jina lake mwenyewe. Alikuwa amejiandaa kuliko mimi. Jina lake alilitamka kwa sauti, lote, na la baba yake ndani yake, na bwana akaliandika huku akiuliza kila herufi. Kisha akatia sahihi. Binti yake aliyekuwa anasoma alikuwa ameacha kusoma.

Alikaa nyuma ya kadibodi muda mrefu kuliko mtu yeyote siku ile. Alipotoka alitumbukiza karatasi yake, akasimama palepale mpaka msimamizi wa sanduku akamwambia kwa adabu kwamba tayari, imekwisha.

"Imekwisha?" akaniuliza.

"Imekwisha. Matokeo baada ya siku tisa."

Alikuwa anaingia kazini saa nane, na basi la Jumamosi lilikuwa la kungoja nusu saa. Mzee akasema hakuna mtu wa kungoja basi wakati gari lake lipo, tukaingia sote wanne. Tulimshusha msichana maktaba, tukaelekea kwenye nyumba ya wazee alimokuwa akifanya kazi. Njiani alichangamka. Alituambia kwamba wazee anaowaogesha walikuwa wakibishana juu ya uchaguzi wiki nzima, na kila asubuhi walimuuliza yeye yuko upande gani, naye akawa hana la kujibu. Ndipo akapiga ile namba ya kwenye kadi, akaambiwa kuhusu Jumamosi.

"Sasa mzee," akamgeukia dereva, "wewe umempa nani?"

"Kura ni siri, mwanangu. Mke wangu ananiuliza kwa miaka ishirini na hajui."

"Bibi anajua," nikasema. "Aliniambia mimi."

Mzee akakanyaga breki kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Yule mwanamke akacheka tena, safari hii kwa sauti kubwa, kichwa ameegemeza kwenye kiti. Akaanza kumdodosa mzee jina la mgombea kwa mgombea ili auone uso wake kwenye kioo, na mzee akaendesha akiwa amekaza midomo, macho barabarani, mpaka tukafika. Alishuka, akatushukuru, akanialika Jumapili ijayo baada ya ibada yao, nije na mume wangu, yule niliyemsimulia njiani kwamba anamsifia mke wake milangoni. Kisha akakunja kitenge vizuri chini ya koti, akaingia kazini.